Ghala la Hapana

Chakara, chakara. Sauti ilitoka nyuma ya pazia la jikoni, kama ya mtu anayetikisa changarawe ndani ya kopo. Sisi tuliotoka kwenye jua kali la Buhongwa hatukuwa tumeona kitu sebuleni zaidi ya giza lenye viti. Macho yalipozoea, pazia likasogea, akaingia mama yake Prudencia, Mama Adventina, ameshika kikapu kidogo cha ukili chenye kifuniko. Alipiga goti mbele ya baba yangu, akafunua, akammiminia punje chache kiganjani. Zilikuwa kahawa kavu za kutafuna, nyeusi, za kutoka kwao Muleba.

Baba alizitazama. Alimshukuru kwa kuinama. Kisha akazirudisha kikapuni, zote, taratibu, kama mtu anayerudisha vifaranga kiotani.

"Ahsante, mama," alisema. "Tutakula tukishajibiwa."

Tulikuwa tumekwenda kumposa Prudencia. Baba yangu, mzee Kashindye, alikuwa amevuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema, amevaa koti lake la kanisani na ameshika fimbo yake ya ng'ombe. Mshenga wetu alikuwa mjomba Pius, mtu mwenye kikohozi maalumu cha kufungulia mazungumzo. Mwenye kuposa nilikuwa mimi, Mhoja, fundi wa kuchomelea mageti pale Nyakato. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mizani kwa kuhesabu mapigo ya nyundo, na hadi leo sijaona malenga aliyesoma darasani ambaye beti zake zinasimama wima kuliko zangu.

Mwenye nyumba alikuwa Mwalimu Rwegasira, aliyefundisha Kiingereza mpaka alipostaafu. Alikikodolea macho kile kikapu.

"Mzee mwenzangu," alisema, "hicho si chakula. Ni salamu."

"Salamu nilishaipokea mlangoni."

"Kwetu, mgeni akirudisha kahawa amemrudisha na mwenyeji."

"Na kwetu, mtu akitafuna ukweni kabla ya jibu, wanasema alifuata chakula."

"Basi tafuna, nikujibu."

"Nijibu, nitafune."

Mjomba Pius akakohoa kikohozi chake. Hakuna aliyemtazama.

"Siwezi kumjibu mtu ambaye hajaingia kwangu," alisema Mwalimu.

"Nimekaa kwenye kiti chako."

"Umekaa. Hujaingia."

Mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyetukana. Wazee wawili waliagana kwa adabu kubwa, wameshikana mikono yote miwili, na kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amemvunjia heshima. Prudencia alinisindikiza hadi getini, geti ambalo nilichomelea mwenyewe.

"Baba yako ana kiburi," alisema.

"Na wako?"

"Wangu ana Kilatini."

Tulirudi Nyakato. Tulipofika, baba akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, akavua viatu, akasema, "Mhoja, mwanangu, msichana ni mzuri na mama yake ana adabu. Nitakaa hapa hadi Jumatatu ijayo nimalize shughuli zangu za mjini. Lakini nikishavuka ziwa kurudi, sivuki tena kwa ajili ya nyumba hiyo. Sengerema ina wasichana wanaojua kwamba mkwe hali kabla ya jibu."

"Baba, ungetafuna moja tu."

"Babu yako alipokwenda kuniposea mama yako, alishinda na njaa kutwa nzima huku nyama inanukia. Hakugusa. Ndiyo maana wakamwamini." Alinitazama. "Unataka mimi niwe mdogo kuliko babu yako kwa punje za kahawa?"

Sikutaka. Hapo ndipo hasira ilipohama kutoka kwa baba ikamwendea Mwalimu. Nilitoka nje, nikakaa juu ya chuma chakavu, na kabla giza halijaingia nilikuwa na ubeti:

Mwalimu uliyekuwa, mwenye ghala la maneno,
Kwa punje moja kahawa, umefunga mapatano,
Baba yangu kaonewa, kwa kutofungua jino,
Mlango umefungiwa, sikupi tena mkono.

Nilimsomea mjomba Pius. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa mapigo.

"Ubeti mzuri," alisema. "Umesimama. Ukimpelekea utakufa kapera."

Lile "ghala la maneno" halikuwa tusi la kubuni. Lilikuwa neno la Mwalimu mwenyewe. Kila Jumamosi alasiri alikuwa akifundisha barazani kwake, bure, yeyote anayetaka kujua Kiingereza kilikotoka. Mimi nilianza kwenda siku niliyofunga lile geti, na nilirudi kwa sababu mbili, moja ikiwa Prudencia, ambaye siku asizokuwa na zamu hospitalini alikaa kwenye ngazi akichambua mchele na kunicheka matamshi.

Muhula ule tulikuwa kwenye maneno ya kukataa na kukana.

"Mwingereza hana hapana moja," Mwalimu alikuwa akisema. "Ana ghala zima. Chukueni hili dogo kabisa, 'no'. Ni maneno mawili ya kale yaliyogandana, la kwanza 'si', la pili 'daima'. Mtoto wa Kiingereza akikataa uji, anasema 'kamwe' bila kujua. 'Nay' ililetwa na watu wa kaskazini waliokuja kupora, wakaishia kuoa na kulima. 'Not' lilikuwa neno refu, maana yake 'si kitu chochote', likaliwa kichwa na mkia hadi likabaki hivyo mlionavyo."

Alilipenda hasa kundi lililopitia Kilatini. "Deny", kukana hadi mwisho. Hiyo, alisema, ndiyo aliyoifanya Petro uani kwa kuhani mkuu, na tusiitumie ovyo. "Reject", kutupa nyuma. "Decline", kuinama pembeni, kama mti unaoupisha upepo. Na "refuse", ambayo wanazuoni wengi wanaihusisha na kumwaga kitu kirudi kilikotoka. Mimi nilikuwa nikisikiliza huku nywele zimenisimama. Kumbe kila hapana ina mwili: ipo inayotupa, ipo inayoinama, ipo inayomwaga. Mshairi akishajua hilo hawezi tena kulala mapema.

Jumamosi iliyofuata ile posa, nilikwenda. Mjomba Pius alinishauri nisiende, lakini sijazaliwa wa kukimbia baraza. Nilifika, nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia, "Marahaba," kavu kama ubao. Walikuwapo majirani watatu, akina mama wawili wenye duka na kijana mmoja wa sanaa za mabango.

"Leo tunarudia 'refuse'," alisema Mwalimu. "Mfano. Mtu anamiminiwa kahawa kiganjani, naye anaimwaga irudi kikapuni. Neno limepata nyumba yake. Hata Mrumi angelikubali."

Akina mama wa dukani walitazama chini. Habari ilikuwa imeshazunguka Buhongwa nzima.

Nikasimama. "Mwalimu, umekosea neno."

"Mimi?"

"Wewe. Baba hakumwaga. Aliinama. Hiyo ni 'decline'."

"Kahawa ilirudi kikapuni au haikurudi?"

"Ilirudi."

"Basi kaa chini."

"Sikai. Umetufundisha mwenyewe kwamba hapana ina mwili. Umetazama mkono wa baba yangu, hukutazama mgongo wake. Uliuona mgongo? Aliinama mbele ya mama kabla ya kurudisha. Mtu anayemwaga hainami."

Kijana wa mabango akaguna kwa raha. Mwalimu alivua miwani, akaifuta na ncha ya shati, akaivaa tena. Nilijua ile dalili. Alikuwa anafikiri, na hakuwa anapenda anachokifikiri.

"Somo limeishia hapo," aliwaambia wengine. "Mhoja, wewe baki."

Wakaondoka wakigeuka nyuma. Prudencia alikuwa ngazini kama kawaida, ungo mapajani, lakini mkono wake ulikuwa umesimama. Mama Adventina alikuwa upande wa pili wa baraza, anamenya ndizi mbichi, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama.

"Tuseme aliinama," alisema Mwalimu. "Tuseme. Lakini bado hajaingia kwangu. Nitampaje binti yangu mtu ambaye baba yake yuko nje?"

"Ataingia ukimjibu."

"Na nitamjibu akiingia."

"Baba," alisema Prudencia, "hii mnayoifanya ni ya kuku na yai."

"Wewe chambua mchele."

"Mchele umekwisha. Nachambua ungo."

Mama Adventina akacheka kwa puani. Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi, "Rwegasira. Siku ulipokuja kwetu kuniposa, baba yangu alikujibu nini?"

"Hayo ya zamani yanahusu nini?"

"Nakuuliza."

Mwalimu akajikuna kidevu. "Alisema hapana. Alisema lango lake lina mbwa tayari, halihitaji mwalimu."

"Ukafanya nini?"

"Nilifanya nini tena? Nilikunywa lubisi yake, pombe ya ndizi."

"Baada ya kukataliwa."

"Kiu haijui posa, Adventina."

"Na leo uko wapi?"

"Niko hapa," alisema Mwalimu, "nabishana na wewe."

Wote wawili walicheka, kicheko cha watu waliokwisha kulicheka jambo lile mara nyingi. Lakini mimi nilikuwa nimeganda. Kulikuwa na kitu kimegonga kichwani mwangu, kama chuma kinapogusa chuma na cheche kuruka.

"Mwalimu," nilisema, "mila ya kwetu inasema mkwe asile kabla ya jibu."

"Nimeisikia hiyo hadi nimechoka."

"Haisemi jibu gani."

Kisu cha Mama Adventina kilisimama.

"Baba yangu hasubiri ndiyo," nilisema. "Anasubiri jibu. Siku ya kwanza hakuna nyumba inayosema ndiyo, hata kwetu. Wewe mjibu hapana. Akishakataliwa, atatafuna. Akishatafuna, ameingia. Akishaingia, mtazungumza."

Mwalimu alinitazama. "Kijana. Unaniomba nikukatalie?"

"Nakuomba sana."

"Nimefundisha maisha yangu yote, sijawahi kuona mtu anaomba hapana kwa hamu hivi."

"Ni ya siku moja tu."

Hapo uso wake ukabadilika, ukawa mzito. "Hilo ndilo tatizo. Neno halijui siku moja. Nimekufundisha kwamba 'no' imebeba 'daima' tumboni mwake. Hapana ya baba mkwe wangu, alipoitamka, aliimaanisha. Ilimchukua mavuno mawili kuibadilisha. Mimi simkatalii baba yako. Nimtazame mzee mwenzangu machoni, niseme neno nisilolimaanisha, eti ili atafune? Hiyo si adabu. Huo ni mchezo wa kuigiza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nenda nyumbani. Nitafikiri."

Sikulala vizuri usiku ule, na nilimkasirikia kwa nusu ya moyo tu, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa imemvulia kofia. Mimi pia siweki neno kwenye beti kwa sababu tu linatosha mizani. Sharti liwe la kweli.

Jumapili, baada ya misa na ibada, tulikwenda Buhongwa tena. Sikumwambia baba lolote la barazani. Nilimkumbusha tu kwamba Jumatatu anavuka, na mtu mwenye heshima hawezi kuondoka mjini bila kuwaaga aliowatembelea. Hilo hakulipinga. Alivaa koti lake, akachukua fimbo yake.

"Nakwenda kuaga," alisema. "Si kuposa. Tusichanganye."

"Hatuchanganyi," alisema mjomba Pius.

Tulikaa viti vilevile. Mama Adventina akaleta kikapu, akakiweka mezani, hakukifunua. Kupitia uwazi wa pazia niliona kanga ya Prudencia. Baba alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, viganja vikitazama chini.

"Mzee Kashindye," alisema Mwalimu, "wiki iliyopita uliniomba jibu. Ninalo."

Nilishika kiti. Mjomba Pius alisahau kukohoa.

"Kwanza ujue nimelitafuta. Nimepekua ghala zima la Waingereza. Nimechukua la kumwaga, nikaliacha. La kutupa, nikaliacha. La Petro sikuligusa."

"Mwalimu," alisema baba kwa upole, "mwanangu haoi Mwingereza."

"Nakuja huko. Nilitafuta neno linalokataa leo bila kuikataa kesho. Kwa Kiingereza wanaunga mawili, 'not' na 'yet', yanakaa pamoja kama wapangaji. Moja peke yake sikulipata. Nikafunga vitabu. Mke wangu akaniuliza kama chai imeiva, nikamjibu, na hapo nikalisikia neno nililotamka." Akanyoosha mgongo. "Jibu langu kwako ni bado."

 Nje pikipiki ilipita, ikapotea kuelekea barabara ya Shinyanga. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hapana. Hilo 'bado' sikulitegemea, na sikujua baba atalipokeaje. Uso wake haukuonyesha kitu. Akamgeukia Pius.

"Shemeji. Bado ni jibu?"

Mjomba Pius akakohoa, na safari hii alikuwa na sababu. "Ni jibu," alisema. "Ila limekaa. Halijasimama."

"Sikuulizi limekaa au limelala. Ni jibu au si jibu?"

"Mzee, mimi ni mshenga, si hakimu."

Baba akaitazama fimbo yake, akaizungusha polepole kati ya viganja. Alipokuwa akifanya hivyo zizini, hakuna aliyethubutu kumharakisha, na mimi sasa nilihesabu mapigo kichwani ili nisifungue mdomo.

"Mtamba wangu mmoja," alisema hatimaye, "bado hajazaa. Majirani wananiambia nimuuze. Siuzi. Kuwa bado si kuwa tasa. Bado anafungwa zizini pamoja na wenzake, anapewa majani kama wenzake." Akaweka fimbo chini. "Nimejibiwa."

Akageuza kiganja, kikatazama juu.

Mama Adventina alikuwa ameshafunua kikapu kabla hajamaliza. Akamimina. Baba akaweka punje mdomoni, akafunga jino, na nikaona uso wa mwanaume aliyewahi kupambana na fisi ukikunjamana wote.

"Chungu," alisema.

"Ni chungu, ndiyo," alisema Mwalimu.

"Na mnatafuna kwa hiari?"

"Tangu utotoni."

"Sasa naelewa kwa nini watu wa Bukoba mna maneno makali."

Mwalimu Rwegasira alicheka hadi miwani ikamshuka puani. Akachukua punje zake, akatafuna na baba. Ilisikika milio ya meno tu. Mjomba Pius naye alipewa. Alitafuna mbili haraka, akameza, jambo ambalo baadaye niliambiwa halifanywi.

"Mwalimu," alisema baba, akijisafisha ulimi kwa mate, "nimeshaingia?"

"Umeingia."

"Na ile bado yako imekuaje?"

"Imekua. Imekua sasa hivi nikiitazama. Kwa upande wangu, mzee mwenzangu, nimekubali. Lakini aliye na jibu kubwa yuko jikoni, na naona ameshasikia kila kitu, maana sufuria hazijalia tangu mfike." Akaita, "Prudencia. Njoo, mama."

Akaja. Hakuwa amejifunika uso wala kuinamisha kichwa. Alimwamkia baba yangu kwa goti, "Shikamoo, baba," na baba akamwitikia kwa sauti ambayo mimi huwa nasikia akiitumia kwa ndama wapya. Kisha akasimama katikati ya sebule, mikono imefungwa mbele.

"Mhoja umemsikia," Mwalimu alimwambia. "Wazee umewasikia. Wewe unasemaje?"

"Nasema ndiyo," alisema. "Ila kuna kitu nataka nimuulize, mbele yenu."

"Muulize."

Akanigeukia. Moyo wangu ulikuwa unapiga mizani isiyo na kina.

"Wiki nzima nimewasikiliza wanaume wanne mkipima maneno ya kukataa," alisema. "Mmeyapima vizuri. Lakini hapana zote zilikuwa zenu. Mimi nitaishi na wewe, Mhoja. Nitatoka zamu ya usiku nimechoka, unataka wageni, nitasema hapana. Utataka niache kazi tukaishi Sengerema, nitasema hapana. Wewe una moto, na ulimi wako unajua kugeuza watu. Mimi mwenyewe umenigeuza. Nikikwambia hapana, utaifanyaje?"

Nilifungua mdomo, nikaanza, "Mpenzi, unajua mimi..."

"Usinipambie," alisema. "Na sema kwa sauti, baba yako asikie."

Nilimtazama baba. Alikuwa anatafuna, ananisubiri kama wengine. Nikasimama, nikaacha vina vyote nilivyokuwa navyo mdomoni.

"Prudencia," nilisema, "mbele ya baba yako na baba yangu nakuahidi. Siku utakayoniambia hapana, nitaipokea kama ulivyoisema. Sitaibembeleza igeuke, wala sitaisubiri ichoke. Nikiwa na swali nitauliza mara moja tu, kwa adabu. Kisha nitateleka chai, nikuletee kikombe, ninyamaze."